Senti 80 za sinema: burudani na maisha ya familia katika Mdororo Mkuu wa Marekani

Kila uchumi unapoyumba, kuna madai yanayorudiwa: kwamba biashara ya burudani haiguswi na shida. Mfano unaotolewa ni Marekani ya miaka ya 1930. Watu hawakuwa na kazi, tunaambiwa, lakini walijazana kwenye majumba ya sinema ili wasahau njaa. Madai hayo yana chembe ya ukweli, ndiyo maana yamedumu. Ila ukifuata hesabu za nyumbani, senti kwa senti, unakutana na habari nyingine kabisa. Familia zilipima kila burudani kwa vigezo viwili: inagharimu kiasi gani kwa kichwa, na inadumu saa ngapi. Kipimo hicho kilikaribia kuiua biashara moja, kikaifilisi nusu nusu nyingine, na kuiinua ya tatu mpaka ikaingia karibu kila nyumba. Kilibadilisha pia nani anakaa na nani jioni, na nani ana sauti ndani ya nyumba.

Kwanza shida yenyewe. Soko la Hisa la New York lilianguka Oktoba 1929, lakini Wamarekani wengi hawakuwa na hisa hata moja. Kilichowafikia ni yale yaliyofuata. Kati ya 1930 na 1933 zilifungwa benki takriban 9,000, na nyingi zilizama na akiba za wateja. Viwanda vilipunguza watu. Kufikia 1933 karibu mfanyakazi mmoja kati ya kila wanne hakuwa na kazi, na miongoni mwa waliobaki, wengi walikatwa mshahara au kupunguziwa siku. Kuna jambo moja ambalo husahaulika: bei za vitu nazo zilishuka sana. Kwa hiyo mtu ambaye kipato chake hakikuguswa alijikuta anaweza kununua zaidi kuliko kabla ya mdororo, huku jirani yake wa mlango wa pili akiuza vyombo vya ndani. Ukisikia "watu wa wakati ule walifanya hivi", uliza kwanza ni watu gani.

Sasa sinema. Mwaka 1930 tiketi zilizouzwa kwa wiki zilikadiriwa kufikia milioni 80 au 90, katika nchi yenye watu kama milioni 123. Hapo ndipo madai yale yanapopata nguvu. Lakini mwaka ule filamu zenye sauti zilikuwa bado kitu kipya, na upya huo uliwavuta watu hata mifuko ilipoanza kukauka. Upya ulipozoeleka, hesabu ikarudi mahali pake. Kufikia 1932 na 1933 idadi ilikuwa imeshuka hadi kama milioni 60 kwa wiki, na karibu theluthi moja ya majumba ya sinema yalikuwa yamefungwa. Mapema 1933 Paramount na RKO, kampuni kubwa za filamu zenye majina yaliyojulikana duniani kote, ziliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Hiyo si biashara isiyoguswa na shida.

Hata hivyo watu milioni 60 kwa wiki ni wengi, na hapa ndipo penye mafundisho. Waliobaki walibaki kwa sababu wenye majumba walijifunza kuuza kitu kingine pamoja na filamu. Nitaeleza mmoja wa mikakati hiyo kwa kirefu, kwa sababu unaonyesha vizuri jinsi burudani ilivyoingia kwenye bajeti ya jikoni.

Siku za katikati ya wiki kumbi zilikuwa tupu. Mwenye ukumbi akaingia mkataba na kiwanda cha vyombo, akanunua kwa jumla sahani, vikombe na bakuli vya bei ya chini sana. Kila mwanamke aliyekata tiketi siku hiyo alipewa chombo kimoja. Wiki hii sahani ya chai, wiki ijayo kikombe chake, baadaye bakuli la sukari, mpaka seti itimie. Seti ilichukua miezi. Ukikosa wiki moja, una pengo kwenye kabati. Mama aliyekuwa ameuza vyombo vyake, au aliyeolewa bila vyombo, sasa aliweza kutoa senti 25 kwa dhamiri safi: hizo si za anasa, ni za sahani, na filamu ni nyongeza. Vyombo vilianguka gizani na kuvunjika katikati ya filamu, watazamaji wakacheka, na biashara ikaendelea. Naona huu ndio werevu mkubwa kuliko wote wa biashara ya sinema ya miaka ile, kwa sababu ulielewa kwamba mshika mkoba wa nyumba ni mama, na kwamba mama hawezi kujipa starehe familia inapobana matumizi isipokuwa starehe hiyo ibebe kitu cha kurudi nacho nyumbani.

Mikakati mingine ilifuata mantiki hiyo hiyo ya kumpa mtu zaidi kwa senti zile zile. Filamu mbili kwa tiketi moja ikawa kawaida, na mtoto aliyelipa senti 10 Jumamosi mchana aliweza kukaa humo mpaka jioni. Kulikuwa na bahati nasibu za usiku: unaandika jina kwenye kitabu, jina likisomwa lazima ufike mbele ndani ya dakika chache, la sivyo fedha zinahamia wiki inayofuata na kitita kinazidi kunona. Na bisi, ambazo leo hatuwezi kuzitenganisha na sinema, ziliingia ndani ya majumba katika kipindi hiki. Kabla ya hapo wenye kumbi za kifahari walizikataa kwa sababu zinachafua mazulia na watafunaji wanapiga kelele. Wachuuzi waliziuza nje, mlangoni, mfuko senti 5 au 10. Wenye kumbi walipoona faida inabaki barabarani, mazulia hayakuwa na thamani tena.

Tiketi za familia bado zilikuwa mzigo. Chukua familia ya watu watano: wazazi wawili kwa senti 25 kila mmoja, watoto watatu kwa senti 10. Hizo ni senti 80 kwa kwenda mara moja. Wakienda kila wiki, kwa mwaka ni dola 41 na senti 60. Sasa linganisha na redio. Mwishoni mwa miaka ya 1920 redio nzuri ilikuwa kabati zima la mbao, na aghalabu bei yake ilipita dola 100. Mdororo uliwalazimisha watengenezaji kubuni redio ndogo za kuweka mezani, na kufikia 1933 na 1934 mtu aliweza kupata moja kwa chini ya dola 20, tena kwa kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Ikishawashwa haihesabu vichwa. Bibi, wajukuu na jirani wanasikiliza kwa gharama ile ile ya umeme kidogo.

Matokeo yanaonekana kwenye sensa. Mwaka 1930 serikali iliuliza kila familia kama ina redio, na familia kama milioni 12, yaani asilimia 40 hivi, zilisema ndiyo. Mwaka 1940 zilikuwa nyumba kama milioni 28, zaidi ya asilimia 80. Katika muongo mgumu kuliko yote, umiliki uliongezeka maradufu. Wakati huo huo santuri zilianguka vibaya. Mwaka 1927 ziliuzwa zaidi ya milioni 100, na 1932 ziliuzwa karibu milioni 6 tu. Nani anunue wimbo mmoja kwa fedha ilhali redio inapiga nyimbo usiku kucha bila malipo? Santuri zilianza kupumua tena baada ya marufuku ya pombe kufutwa Desemba 1933, baa zilipofunguliwa na kuweka mashine za muziki zinazopiga wimbo kwa senti 5.

"Bila malipo" hapa inahitaji ufafanuzi. Uingereza ililipia utangazaji kwa leseni ya kila mwaka kutoka kwa mwenye redio. Marekani iliwaachia wafanyabiashara, na wafanyabiashara hawakununua tu dakika za matangazo katikati ya kipindi. Kampuni ndiyo iliyomiliki kipindi chenyewe, ikawalipa waandishi na waigizaji, na kukitunga ili kiuze bidhaa yake. Watengenezaji wa sabuni waliwalenga wanawake waliokuwa nyumbani mchana: tamthilia za dakika 15, Jumatatu hadi Ijumaa, hadithi isiyoisha ya familia yenye matatizo kama ya msikilizaji. Procter & Gamble ilianza mtindo huo kwa nguvu mwaka 1933, ikiuza sabuni ya kufulia ya Oxydol. Mama alifua, akapiga pasi, akamenya viazi huku akisikiliza. Hakuacha kazi ili apate burudani, na hiyo ni faida ambayo sinema haikuwa nayo.

Watoto nao walipangiwa saa zao, baada ya shule na kabla ya chakula cha jioni. Kipindi cha msichana yatima aitwaye Annie kilidhaminiwa na Ovaltine, kinywaji cha unga kinachouzwa kwenye kopo. Mwisho wa kipindi mtangazaji alisoma ujumbe wa siri kwa namba, na ili kuufumbua ulihitaji beji maalumu. Beji ilipatikana kwa kutuma kipande cha muhuri kutoka kwenye kopo la Ovaltine. Fikiria presha aliyokuwa nayo mzazi asiye na kazi: kinywaji kile hakikuwa cha bei ya chini, na mtoto anakirudia jina lake kila jioni. Burudani ya bure iliingiza ndani ya nyumba madai ambayo zamani yaliishia dukani.

Saa moja jioni taifa lilikusanyika kwa kipindi cha vichekesho cha Amos na Andy, wanaume wawili Weusi waliohamia mjini na kuhangaika na biashara ya teksi. Kilipendwa kiasi kwamba majumba ya sinema yalisimamisha filamu ili watazamaji wakisikilize humo humo. Waliokitengeneza na kuigiza sauti, Freeman Gosden na Charles Correll, walikuwa wazungu wakijifanya Weusi. Mwaka 1931 gazeti la Weusi la Pittsburgh Courier liliendesha kampeni ya saini kutaka kiondolewe hewani, na hakikuondolewa. Familia nyingi za kizungu zilikikumbuka miaka ile kwa upendo kwa sababu kiliwakusanya. Lazima isemwe walikusanyika kumcheka nani.

Redio yenyewe haikugawanywa sawa. Mwaka 1930 New Jersey ilikuwa na redio katika zaidi ya nusu ya familia, na Mississippi haikufika familia 6 kati ya 100. Katikati ya muongo, ni kama shamba moja kati ya kumi tu lililokuwa na umeme. Mkulima aliyekuwa na redio alitumia betri, na betri zikichoka aliipeleka ya gari ndani ya nyumba. Hivyo vijijini redio haikuachwa ikinguruma. Familia ilichagua: habari za hali ya hewa na bei za mazao, kipindi kimoja cha jioni, kisha inazimwa.

Katika Harlem, New York, familia za Weusi zilikuwa na jibu la kwao wenyewe. Kodi za nyumba huko zilikuwa juu kuliko za wazungu kwa vyumba vibovu zaidi, na ukosefu wa kazi kwa Weusi mijini ulifika nusu ya wafanyakazi katika baadhi ya miji. Siku ya kodi ilipokaribia, familia ilisogeza fanicha ukutani, ikaviringisha zulia, ikamwita mpiga kinanda, ikapika, na kugawa vikaratasi vya mwaliko mtaani. Kiingilio kilikuwa senti 15 hadi 25, chakula na kinywaji ulilipia kando. Asubuhi fedha zilikwenda kwa mwenye nyumba. Desturi hiyo ilianza kabla ya mdororo, lakini mdororo uliifanya ihitajike zaidi. Wapiga kinanda wakubwa kama Fats Waller, James P. Johnson na Willie "The Lion" Smith walinolewa na sherehe hizo. Hapo hakukuwa na mpaka kati ya burudani na kujikimu: sebule iligeuka ukumbi ili ibaki kuwa sebule yao mwezi unaofuata.

Kipimo cha senti kwa saa kilizaa pia burudani ya kuhuzunisha. Mashindano ya kucheza dansi kwa muda mrefu yaliendelea kwa siku nyingi, hata wiki. Wachezaji walikuwa miguuni dakika 45 za kila saa na kupumzika dakika 15, wakala wakiwa wamesimama, wakamlaza mwenzao begani. Wengi waliingia kwa sababu humo kulikuwa na chakula na paa. Mtazamaji aliyelipa senti 25 aliweza kukaa atakavyo.

Nyumbani michezo ya mezani ilishamiri kwa sababu ile ile: unanunua mara moja, unacheza mwaka mzima. Vipande vya picha vya kuunganisha vilipata umaarufu wa ajabu, na mwanzoni mwa 1933 viliuzwa kama boksi milioni 10 kwa wiki, vya kadibodi, senti 25 boksi, vikabadilishwa na majirani vilipokwisha kuunganishwa. Mafundi seremala waliokosa kazi walikata vya mbao kwenye vibanda vyao na kuvikodisha. Mwaka 1935 Parker Brothers waliingiza sokoni Monopoly, mchezo wa kununua viwanja na kuwakamua wenzako kodi, wakiununua kwa Charles Darrow, mtu aliyekuwa hana kazi. Hadithi ya Darrow ilivuma, lakini mzizi wa mchezo ni hataza, yaani haki ya ubunifu, ya mwaka 1904 ya Lizzie Magie, aliyeubuni kuonyesha ubaya wa watu wachache kuhodhi ardhi. Magie aliambulia dola 500. Familia zilizoshindwa kulipa kodi zilikaa mezani zikicheza kutoza kodi, na sioni ajabu: pale angalau kila mtu alianza na fedha sawa.

Sasa tuingie katika nyumba yenyewe, maana mtego mkubwa uko hapa. Ukiangalia takwimu, utadhani mdororo uliimarisha familia. Talaka zilipungua, kutoka kama 1.7 kwa kila watu 1,000 mwaka 1929 hadi 1.3 mwaka 1932. Lakini talaka ilihitaji wakili, ada na nyumba ya pili. Wengi waliachana bila karatasi: mwanamume aliondoka kutafuta kazi na hakurudi. Ndoa nazo zilipungua, kutoka 10.1 hadi 7.9 kwa kila watu 1,000, na watoto wachache walizaliwa. Vijana walisubiri. Wazee walihamia kwa watoto wao, familia mbili au tatu zikabanana vyumba vichache, na redio moja ikawa chanzo cha ugomvi kama ilivyokuwa cha umoja.

Mtu aliyebadilikiwa zaidi ni baba. Alizoea kuondoka asubuhi na kurudi na mshahara. Sasa yupo nyumbani saa nne asubuhi, njiani mwa mkewe anayefagia. Mtafiti Mirra Komarovsky alihoji familia 59 ambazo baba alikosa kazi, akachapisha matokeo mwaka 1940. Wengi wa kina baba hawakupoteza heshima yao. Waliopoteza walikuwa kama mmoja kati ya watano, na tofauti ilitokana na kilichokuwepo kabla: mke aliyempenda mumewe aliendelea kumsikiliza, mke aliyemtii kwa sababu ya mshahara au kwa hofu aliacha. Shida ilifichua tu.

Kazi ya mama, kwa upande mwingine, iliongezeka uzito na kuonekana. Alichokuwa akinunua alikitengeneza. Magunia ya pamba ya unga yalifuliwa mpaka maandishi yakatoka, yakawa nguo za watoto, mataulo na shuka. Wenye viwanda vya unga walipogundua, walianza kutumia wino unaotoka kwa maji na kuchapa maua kwenye gunia, na mwanamke alichagua unga kwa kuangalia kitambaa. Kuna waliorudi kwenye ajira, na huko walikuta kizuizi: sheria ya 1932 ilitaka mume na mke wakiwa wote wafanyakazi wa serikali kuu, wao waanze kupunguzwa, na kwa kawaida aliyeondoka alikuwa mke.

Jumapili jioni, Machi 12, 1933, Rais Franklin Roosevelt aliyatumia mazingira hayo hayo ya sebule. Benki zote zilikuwa zimefungwa. Aliongea redioni kwa lugha nyepesi, akaeleza benki hufanya nini na fedha za mteja na kwa nini kesho yake zitaanza kufunguliwa. Watu wakarudisha fedha walizoficha. Familia zilikuwa zimeshazoea kuketi mbele ya kifaa kile na kukiamini.

Watoto waliokulia katika mdororo huo walifuatiliwa na mwanasosholojia Glen Elder, aliyetumia kumbukumbu za watoto wa Oakland, California, waliozaliwa 1920 na 1921. Mdororo uliwakuta na umri wa kusaidia. Wavulana waliuza magazeti na kufanya vibarua, wasichana wakashika nyumba, na wengi walikua wakijiamini. Alipowalinganisha na watoto wa Berkeley waliozaliwa 1928 na 1929, picha ilibadilika, hasa kwa wavulana. Hao walikuwa wadogo mno kutoka nje au kubeba jukumu. Walishinda ndani na baba aliyekata tamaa na mama aliyeelemewa, na walifika ujanani wakiwa na matumaini machache na kujiamini kidogo. Wengi walinyooka baadaye, na Elder aliona kwamba kilichowafaa sana ni kuondoka nyumbani: walijiunga na jeshi, kisha wakasoma kwa fedha ambazo serikali iliwapa waliolitumikia.